Sakafu Niliyomwaga Nyuma ya Nyumba

Odeta mwanangu,

Wewe na mama yako mmetoka kwenda sokoni kutafuta blanketi, maana kila anayeijua Njombe amekuambia baridi ya kule haina mzaha. Mimi nimesema mgongo unaniuma, nikabaki. Mgongo hauniumi. Nimebaki nikuandikie, kwa sababu kesho alfajiri pale stendi patakuwa na watu na mizigo, na mimi mbele za watu huwa naongea utani tu. Unanijua.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Kufunga mlango, kuchemsha maji, kutokopesha mtu usiyemjua, yote hayo mama yako ameshakuambia mara tatu, na mara ya nne atakuambia ndani ya basi. Mimi nataka nikuandikie kuhusu kile kibaraza cha nyuma ambacho hakuna anayekikalia. Hata sasa nimekaa mbele, kwenye ngazi ya mlango, daftari likiwa gotini, wapita njia wananisalimia na kuniuliza naandika nini. Nawaambia napiga hesabu ya matofali.

Odeta, nimeliona begi la mama yako. Amesema anakusindikiza, akusaidie kupanga chumba, akae wiki mbili arudi. Lakini lile shangazi kaja limejaa mpaka mpini. Jana alipokwenda kwenye kwaya nililifungua. Ndiyo, nililifungua, nihukumu. Mna vitenge vyake vyote, mna Biblia yake, mna mwiko wake ule wa kusongea, na chini kabisa mna sare ya kwaya. Mtu anayekwenda kusindikiza habebi sare ya kwaya. Nililifunga, nikalirudisha lilipokuwa, nikakaa kitandani.

Mama yako anaondoka. Hajasema, na mimi sijamuuliza. Katika nyumba yetu mambo makubwa ndivyo yanavyokwenda, na mwenye kosa la kuyazoesha hivyo ni mimi.

Nianzie mbali kidogo. Muda si mrefu baada ya kuhama Mishamo kuja hapa Kawajense, mama yako akawa na ombi moja. Hakuwahi kuomba sofa wala kabati la vioo. Alikuwa akimaliza kuosha vyombo, anasimama na beseni mkononi, anasema, "Baba Odeta, nami nipate pa kukaa huku nyuma." Mimi najibu, "Nitakujengea." Mwaka unapita, anasema tena, kwa sauti ile ile, bila hasira. Mimi najibu vile vile. Nilikuwa nawajengea watu baraza Makanyagio nzima, baraza za nguzo, baraza za duara, baraza zenye ngazi tatu kwa mtu ambaye nyumba yake ingetosha na ngazi moja. Kwangu, mke wangu alikuwa akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Waliosema fundi viatu hutembea peku walimaanisha na fundi ujenzi.

Mwaka jana ndipo nikaamua. Kuna mteja mmoja, nikiwa namalizia uzio wake, alinionyesha kwenye simu picha za nyua za nyuma za watu wa nje. Sakafu nzuri, viti vimezunguka, maua kwenye vyungu, kivuli. Akasema, "Fundi, vitu hivi ni vya matajiri." Nikamjibu, "Bosi, hapa tajiri ni macho tu. Mimi nakijenga hiki kwa mabaki." Na kweli, nilikuwa na mabaki. Unakumbuka vile viroba nyuma ya choo ulivyokuwa ukinicheka navyo? Kila saiti niliyofanya kazi niliomba vipande vya marumaru vilivyovunjika, mabanzi ya mninga ambayo fundi seremala anayatupa, ndoo tupu za rangi, nondo fupifupi. Ulisema baba yako anafuga takataka. Nilikuwa nakusanya zawadi ya mama yako, ila zawadi yenyewe ilikuwa haijapata siku yake.

Siku ikapatikana mama yako alipokwenda Mishamo kumuuguza bibi yako. Alikaa mwezi mzima na siku kadhaa. Nikasema hapo hapo, akirudi akute. Nilitaka kumshangaza. Mwanangu, kama kuna neno moja ningepewa nikurushie dirishani basi likishaondoka, ningekwambia usimshangaze mtu kwa kumbadilishia mahali anapokaa. Kitambaa mnunulie kwa siri ukitaka. Mahali pake, muulize kwanza.

Nilipapima vizuri. Sijisifu, lakini ile kazi ilikuwa safi, na nikuambie jinsi nilivyoifanya ili uelewe ubaya wake ulipo. Kibaraza kinachovuta watu hakitaki ukubwa. Kikiwa kikubwa watu wanakaa mbali mbali kama wako mahakamani. Nilikipa hatua tano kwa nne, watu sita au saba wagusane magoti. Ukutani nikajenga benchi la matofali, juu nikapigilia mabanzi ya mninga, nikayapiga msasa mpaka yakawa laini, kwa sababu tofali tupu asubuhi lina baridi na mchana linachoma. Nguzo nne za mlingoti, juu nyasi, siyo bati, maana bati mvua ikinyesha hamsikilizani. Ndoo za rangi nikazitoboa chini, nikapanda maua. Mpesheni nao nikauanzisha kwenye nguzo ya pili. Na sakafu nikaimwaga na mteremko mdogo wa kutupa maji mbali na nyumba, kisha juu nikapanga vile vipande vya marumaru, vyeupe na vya bluu na vya kahawia, kila kipande nikikitafutia mwenzake. Nilifanya hivyo kwa magoti siku nane. Nilikuwa naimba, Odeta. Jirani yetu Baba Kulwa akaniuliza kama nimeokoka upya.

Lakini kabla ya sakafu kuna udongo. Pale nyuma palikuwa na ile migomba, na ardhi ya pale kwa miaka yote ilikuwa inanyweshwa maji ya vyombo. Udongo ulikuwa mweusi, mlaini, ukikanyaga unaingia. Fundi yeyote aliyefundishwa anajua udongo mweusi haubebi sakafu. Ukimwaga zege juu yake, masika ya kwanza yakipita lina nyufa. Unatakiwa uuchimbe wote mpaka ukutane na ule mwekundu mgumu, ndipo ujaze mawe na kifusi, ushindilie. Nikaikata migomba, nikang'oa mashina na mizizi, nikachimba mpaka gotini. Fundi wa hovyo asingehangaika. Angelima juujuu, amwage zege, alipwe, aondoke. Namuonea wivu huyo fundi wa hovyo. Nitakuambia kwa nini.

Mama yako aliporudi nilimshika mkono mlangoni nikampitisha jikoni mpaka nyuma. Nilimwambia afumbe macho, kama vijana. Alipofumbua alisimama pale kizingitini. Aliangalia. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu na nikausikia unakuwa mzito. Nikadhani ni furaha, nikasema, "Si uliniomba? Haya, kaa." Akajibu, "Nimechoka na safari." Akaingia ndani.

Kesho yake hakukaa. Wiki ile hakukaa. Vyombo akahamishia kuoshea mbele, pembeni ya tenki, majirani wanamuona. Nikimuuliza anasema huku mbele kuna upepo. Mimi moyoni nikaanza kuchemka. Nikajiambia huyu mwanamke miaka yote hii ananidai kibaraza, nimekijenga kwa magoti yangu, sasa anakidharau. Nikawaalika wazee wa kanisa Jumapili moja makusudi, ili alazimike. Wakaja, wakasifu, mmoja akasema ni kama hotelini. Mama yako alileta chai mpaka kizingitini, akasimama, akanyoosha sinia mikono ikiwa mbele. Hakuweka mguu. Nikamwambia, "Mama Odeta, leta huku." Akasema, "Njoo upokee, Baba Odeta." Mbele ya wageni. Ndipo nikamfokea. Sitaandika maneno niliyomwambia, ila nililitaja hadi lile jambo la kwamba alinizalia mtoto mmoja tu. Wazee waliangalia viatu vyao. Yeye aliweka sinia chini kwenye kizingiti, taratibu, akarudi jikoni.

Hilo, Odeta, wewe hukulijua. Ulikuwa chuoni. Sasa unalijua, na najua utaacha kusoma kidogo, uangalie nje ya dirisha. Fanya hivyo. Mimi pia nimesimamisha kalamu.

Miezi ikapita hivyo. Tunakula, tunasali, tunaagana asubuhi. Mtu angeingia, angesema hii nyumba ina amani. Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba nyumba isiyo na ugomvi inaweza kuwa ni nyumba ambayo mmoja amechoka kusema. Nilikuwa naona kimya chake ni kiburi. Ilikuwa rahisi kwangu kukiita kiburi kuliko kukaa chini nimuulize, "Una nini?" Maneno mawili hayo. Zege la kibaraza kizima nimelichanganya kwa mikono, maneno mawili yamenishinda.

Halafu ukarudi wewe, umemaliza, una barua yako ya kazi. Siku ya pili ukatoka nyuma, ukasimama pale pale aliposimama mama yako, ukashika mdomo. Nilikuwa nakuangalia. Nikakuita ukae, nikupige picha ya kumbukumbu, mwalimu mpya. Ukasema, "Baba, hivi unajua kwa nini mama hakai hapo?"

Nikasema, "Kiburi."

Ukaniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa. Ukasema, "Baba, hapo ndipo tulipomlaza mtoto."

Na mimi nikauliza, "Mtoto gani?"

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Mama yako alikuwa anachambua maharage, nikayasikia yale maharage yanaacha kudondoka kwenye ungo. Wewe ulianza kulia. Yeye alitoka jikoni, akapita katikati yetu, akaenda chumbani. Jioni ile ndipo nilipoliona shangazi kaja limetolewa juu ya kabati.

Nimelisema neno hilo moyoni kila siku tangu hapo. Mtoto gani. Si kwamba nilikuwa nimesahau, na hili nakuomba uliamini ingawa sina cha kukuonyesha. Nililiweka mbali sana mpaka lilipoitwa halikuitika mara moja.

Nilikuwa Karema wakati ule, tunajenga nyumba ya mfanyabiashara mmoja kule ziwani. Wewe ulikuwa na miaka saba. Mama yako alijifungua kabla ya miezi kutimia. Niliporudi zilikuwa zimepita wiki tatu. Nilimkuta anafagia. Bibi yako, aliyekuwa amekuja kumuogesha, ndiye aliyenipokea mfuko, akasema, "Mtoto hakukaa." Nikasema, "Mungu alivyopenda." Nikaomba maji ya kuoga. Basi. Huo ndio msiba niliomfanyia mwanangu.

Wewe unazijua desturi za watu wetu, hata kama kanisani hatuzisemi. Mtoto aliyekufa kabla hajatolewa nje kuonyeshwa watu hawekewi matanga. Wanawake wanamlaza wenyewe, nyuma ya nyumba, penye migomba, udongo ukiwa mlaini na baridi. Mwanamume haendi, na haulizi ni wapi. Nilijificha ndani ya desturi hiyo. Mwanamume haulizi, nikasema, basi siulizi. Lakini hakuna desturi iliyonizuia kumuuliza mke wangu kama alipata usingizi. Hakuna iliyonizuia kukaa naye. Nilikaa siku nne nikarudi Karema, na ile nyumba tukaimaliza kwa wakati.

Sasa nayaunganisha. Alikuwa anaomba pa kukaa huku nyuma. Miaka yote ile mimi nilisikia kibaraza, nikasikia sakafu na nguzo. Alikuwa anaomba benchi, mwanangu. Benchi moja la mbao, aliweke pembeni ya migomba. Kivuli kilikuwepo tayari. Na maji ya vyombo, nilipokuwa nikimwambia ayamwage barabarani ili uwanja usiwe na tope, yeye aliendelea kuyabeba mpaka pale kwenye migomba, na mimi nikiita ubishi. Alikuwa analea pale mahali. Hakuwa na kaburi la kupalilia, akawa na migomba.

Ukipata kwako, kikiwa hata chumba kimoja na kiuwa kidogo cha nyuma, utataka kupapendezesha. Utakuwa na akili ya baba yako ya mabaki, hiyo nimekurithisha, nimeona jinsi ulivyopanga vitu chumbani kwako. Fanya. Pazuri panapatikana kwa vitu vichache. Lakini kabla ya kukata chochote, kaa hapo siku kadhaa uangalie nani anapita wapi, nani anasimama wapi akiwa amemaliza kazi, mkono wake unagusa nini. Mimi nilipima kwa futi na kwa pima maji. Sikuangalia kabisa miguu ya mama yako ilikuwa imezoea kusimama wapi.

Baada ya siku ile, nilichukua nyundo kubwa nikaenda nyuma. Mlikuwa kwenye ibada ya katikati ya wiki. Nilikusudia kuvunja yote, niitoe sakafu, nirudishe migomba. Nikainua nyundo nikasimama hivyo, sikuweza kuishusha. Nilijua kitu ambacho ninyi wawili hamkijui. Nimekibeba wiki hii nzima, na ndicho kilichonifanya nidanganye kuhusu mgongo.

Odeta, ule udongo mweusi haupo.

Mnadhani yuko chini ya sakafu. Nimekusikia ukimwambia mama yako chumbani, "Mama, bado yuko hapo hapo, wameweka sakafu juu tu, hata makaburi ya watu yana sakafu." Nilisikia akivuta pumzi. Ulimsaidia sana kwa neno lile. Lakini si kweli. Niliuchimba mpaka gotini, na udongo ule sikuufukia popote. Baba Kulwa alikuja akasimama na toroli lake. Akasema, "Fundi, udongo kama huu usiutupe. Nipe mimi nikajaze viriba." Unajua ana kitalu cha miche. Nikamwambia chukua, unanipunguzia kazi. Alibeba siku mbili. Alijaza viriba, akapanda miparachichi na milimao na maua, na watu wakanunua. Imekwenda Makanyagio, imekwenda Mishamo kwa pikipiki, mingine sijui. Hata yale maua ya kwenye ndoo za rangi alinipa yeye, kama shukrani, yakiwa ndani ya udongo ule.

Sikuona kitu wakati nachimba, nataka ujue. Nimejiuliza kila usiku. Kulikuwa na mizizi, kulikuwa na vigae vya chungu, kulikuwa na kipande cha kitambaa kilichooza, na kitambaa nimekiona mara ngapi katika kuchimba, kila uwanja una vitambaa. Nilikitupa kwenye toroli kwa ncha ya sepetu. Sijui kilikuwa nini. Nimejaribu kukumbuka rangi yake, sikumbuki.

Mchungaji nikimweleza najua atanipa neno la faraja. Atasema mtoto amekuwa miti, ameenea mkoa mzima, watu watakula matunda. Usiniandikie neno kama hilo na usiruhusu mtu amwambie mama yako. Alikuwa na mahali pamoja. Pamoja tu, hatua tatu kutoka mlango wa jikoni. Ningekuwa fundi mbovu, pangekuwepo mpaka leo.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na ombi. Nilitaka nikuombe wewe umrudishe mama yako baada ya wiki mbili. Nilijua anakusikiliza. Nilitaka umwambie baba anajuta, baba atavunja sakafu, na yeye aje akae na lile neno lako kwamba bado yuko hapo hapo. Ningeishi nalo. Ningekaa naye pale jioni, tukiangalia sakafu, yeye akiamini na mimi nikijua. Nimeandika mpaka hapa na nimeona kwamba hilo nalo lingekuwa kibaraza kingine, nimemjengea bila kumuuliza. Ombi hilo nimelifuta.

Mkirudi kutoka sokoni nitamwambia. Nitamwambia leo, kabla jua halijazama, nikiwa nimekaa chini na siyo nimesimama. Nitamwambia kuhusu udongo, toroli na kitambaa. Sitasema nilifanya kwa upendo, ingawa ni kweli, kwa sababu atahisi analazimika kunionea huruma, na huruma yake nimeitumia ikaisha. Akishajua, nadhani hatarudi. Sare ya kwaya ataivaa huko Njombe, kati ya watu wasiomjua. Mimi nitabaki na benchi laini la mninga ambalo watu sita wanaweza kukaa. Huko ndiko mambo yanakoelekea, na sioni njia nyingine yoyote ambayo si uongo.

Usimlaumu kwa kuondoka. Na usiache kazi uje kunitazama. Nina mikono, nitakula. Mtunze asikae peke yake siku nzima ukiwa shuleni, na akisimama mahali pamoja mara kwa mara, hata kama ni pembeni ya jalala, muache, kisha siku moja muulize anapaona nini.

Barua hii nitaiweka kwenye mkoba wako wa vyeti. Utaisoma basi likishatoka, yeye akiwa amelala begani kwako, na ukifika sehemu hii ndipo nakuuliza jambo ambalo kwake sitaweza kulifungulia mdomo. Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo. Wewe ulishika kopo la maji, bibi yako alinidokeza bila mimi kuuliza, ukiwa na miaka saba. Mimi niliambiwa mtoto hakukaa, nikaomba maji ya kuoga, na tangu siku ile miaka kumi na sita sijamuuliza mtu yeyote.

Alikuwa wa kike au wa kiume?

Baba yako